Gordon Obare, Fundi wa Magari ya Rimoti (1988–2025)

Marehemu Gordon Obare alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 hapa Uriri, katika boma hili hili, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Stanley Obare na Mama Peres. Ninayesoma ni dada yake mkubwa, Priscah.

Alisoma hapa Uriri hadi akamaliza sekondari mwaka 2006. Mambo ya mota aliyaanza kabla hajaota ndevu. Siku moja baba aliitafuta redio yake ya kaseti asiione.

"Gordon, redio iko wapi?"

"Iko nje, baba. Inatembea."

Alikuwa ameing'oa mota yake akaifunga kwenye gari la mkebe. Baba alishika fimbo, akalitazama lile gari likizunguka uani, akacheka hadi akaketi.

Alisomea umeme Homa Bay, na mwaka 2011 akafungua kibanda mjini humo. Alitengeneza simu na redio, lakini jina lake lilivuma kwa magari madogo ya rimoti. Alitia mota yenye nguvu kuliko ya kiwandani, akabadilisha saketi na betri, na gari la mtoto likatoka pale likikimbia kama paka aliyemwagiwa maji. Wateja walitoka Sori hadi Ogwedhi, na wengi hawakuwa watoto.

Tarehe 6 Desemba 2014 alifunga ndoa kanisani na Mellen Kemuma, msusi kutoka Kisii, aliyekuwa amemletea mashine ya kukausha nywele aitengeneze. Walipendana kwa utani mwingi. Mota kubwa hula betri, na betri ikichoka hufura kama andazi. Mellen alikuwa akimwambia, "Baba Tony, hiyo tupa." Naye alikuwa akijibu, "Mama Tony, hii bado iko na maisha."

Tarehe 11 Machi mwaka huu betri ililipuka ikiwa kwenye chaji, kibanda kikashika moto. Gordon aliungua vibaya kifuani na mikononi. Alilazwa hospitalini, akafariki tarehe 23 Machi 2025.

Sasa nitasema, maana nina uchungu. Tangu matanga yaanze, wapo wa ukoo huu wanaosema Mellen ndiye aliyeichomeka betri ile akaenda zake saluni, na kwamba tukishazika afungashe arudi kwao. Hata programu ya kwanza ya mazishi haya ilichapishwa bila jina lake. Nililirudisha mimi. Nilikuwa kando ya kitanda cha ndugu yangu aliponiambia: "Priscah, usikubali wamseme Mellen. Hiyo betri nilijua imefura. Aliniambia nitupe. Ni mimi nilichaji."

Marehemu ameacha mjane wake, Mellen Kemuma Obare, mwenye nyumba ile pale; watoto wao, Tony na Dorine; mama yetu, Peres; na sisi ndugu zake, ambao leo tumemsikia.

Gordon apumzike kwa amani. Na Mellen, aliye hai, aachwe akae kwa amani.