Rangi ya Benchi la Bushiri

Kwenye uchochoro mmoja nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, pale Bushiri anapouzia kahawa na kashata, kuna benchi lililosikia uongo mwingi kuliko benchi lolote la Bongo. Alfajiri ile Bushiri alikuwa amelipaka rangi ya mafuta, kijani kibichi, akaapa kuwa limekauka. Basi wakakaa: Vitalis muuza vitenge, Nurdin fundi simu, anayeitwa Profesa kwa sababu hajawahi kusema "sijui", na Idrisa, dalali wa fremu za maduka. Ng'ambo ya uchochoro alikuwa Mama Tatu na meza yake ya tangawizi, ambaye alishaitangazia dunia nzima kwamba yeye hakai na wanaume wasio na kazi. Vitalis alikuwa na jambo moyoni. Asubuhi ile binti yake Angelina, anayefanya utafiti kwenye maabara moja Upanga, alimwambia anaacha, na Jumatatu anaanza kazi dukani kwa baba yake. Miaka yote mzee aliliomba hilo. Sasa limekuja, na halimfurahishi hata kidogo.

— Anaacha nini hasa? Idrisa aliuliza.

— Protini, alijibu Vitalis.

— Si maharage hayo? Aache tu, ale nyama.

— Siyo za kula, bwana! Mwilini mwako humo kuna vidude vidogo, jicho halivioni, ndo vinafanya kazi zote. Sasa vingine vinagusana kidogo tu, vinaachana. Hata kope hujapepesa. Yeye anatafuta nani kamgusa nani.

— Umbea wa kisayansi, alisema Profesa kwa heshima.

— Umbea, lakini ukiujua ndo unajua ugonjwa unapitia wapi. Shida ni kwamba, ili uvione, lazima uoshe, uondoe vilivyojazana pembeni. Ukishaosha, na vile viwili vishaachana. Mwaka mzima mtoto anaosha, anabaki na maji matupu.

Vitalis akanywa kahawa haraka, akamnyooshea Bushiri kikombe aongeze.

— Gundi! Profesa alisema. Kioo cha simu kikicheza nakipiga gundi. Mwaga gundi humo, vikigusana tu, vimenasa.

— Na wapita njia je? Idrisa alidakia. Mwaga gundi hapa Kariakoo saa hizi, utasema mimi na yule mbeba mizigo ni mapacha.

— Basi barafu, alisema Profesa. Tubebe barafu yote ya soko la samaki la Feri, tuigandishe Kariakoo nzima, halafu tupite na tochi. Huyu kamshika yule mkono, yule kamchomolea huyu simu. Kila kitu hadharani!

— Acheni hizo. Dawa ni ndoa, alisema Idrisa. Aitwe shehe. Vikishafungishwa, haviachani kienyeji.

— Kwani wewe umeoa mara ngapi? Profesa alimuuliza.

— Utafiti uendelee, tafadhali.

Vitalis alikuwa anacheka bila kupenda pale Angelina alipotokea, mkoba begani, uso wa mtu asiyelala vizuri.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu! Njoo, jibu limepatikana!

Wakammwagia yote kwa mpigo. Angelina akatabasamu, mara ya kwanza wiki ile.

— Gundi nimejaribu. Inanasa hadi wapita njia. Barafu nayo nimejaribu.

— Na ndoa? Idrisa aliuliza.

— Ndoa bado, anko. Imebaki njia moja, kumpaka mmoja rangi mbichi, ili kila atakayemgusa aondoke na alama. Hapo unaosha utakavyo. Ila ni kuanza upya, na mimi nimechoka. Baba, twende dukani.

Vitalis akainuka kinyonge. Angelina akamtazama nyuma, akajiziba mdomo. Suruali ya baba ilikuwa na mistari mitatu ya kijani. Profesa akaruka, naye anayo. Kanzu ya Idrisa ndiyo usiseme.

— Bushiri! Si ulisema imekauka?

— Imekauka. Mbona mimi sijachafuka? alijibu Bushiri, ambaye tangu alfajiri hajakaa.

Angelina hakucheka tena.

— Mbali na nyie, nani mwingine kakaa hapa leo?

Wakatazamana. Profesa akaanza kuhesabu kwa vidole, akaishia vitatu.

— Hakuna, alisema Idrisa. Ni sisi tu.

Ng'ambo, Mama Tatu akainama kuokota tangawizi iliyoanguka. Kanga yake, mahali pa heshima kabisa, ilikuwa na mistari mitatu ya kijani.

— Mama Tatu! Na wewe? Idrisa alipayuka.

— Mimi? Sijakaa! Akajipapasa, akakiona kiganja kimekuwa kijani. Aah, nilitua tu, nifunge kiatu! Hata pumzi sikuvuta!

Uchochoro mzima ukaangua kicheko. Angelina alikuwa anaitazama ile kanga tu, na macho yake yalikuwa yameamka.

— Kagusa kidogo tu, na alama kaondoka nayo. Baba, Jumatatu siji dukani.

Suruali imeharibika, msaidizi kampoteza, na bado Vitalis alijawa na furaha hadi machozi yakamlengalenga.

— Bushiri, alisema, mmiminie mwanangu kahawa. Ila asikae.