Baba Karani na Jumuiya Iliyokosa Mtwangaji

Baada ya miaka thelathini na mitatu, miezi miwili na vikao ambavyo hata yeye ameacha kuvihesabu, Shemasi Gbadebo Oyelakin, karani wa makanisa yetu ya Kibatisti ng'ambo hii ya mto, anaweka kalamu chini Jumamosi hii, tarehe 30 Novemba. Nimekuwa msaidizi wake miaka kumi na minne. Nimeombwa niandike wasifu wenye heshima na niusome mbele yenu. Nitajitahidi.

Aliingia ofisini kijana mwembamba mwenye mwavuli mweusi, na anatoka mzee mwembamba mwenye mwavuli uleule. Kazi yake ilikuwa kuandika kumbukumbu za vikao, na aliandika kila kitu. Tunayo kumbukumbu ya mwaka wake wa pili isemayo: "Wajumbe waliohudhuria, 48. Waliokuwa macho, 31." Mchungaji mmoja alidai sentensi hiyo ifutwe. Baba Karani akamjibu kwa upole kwamba ifutwe kwa hoja, iungwe mkono, ipigiwe kura, na majina ya waliolala yasomwe kwanza. Imebaki mpaka leo.

Hoja bila wa kuiunga mkono haikuwahi kupita mbele yake. Siku ya harusi ya binti yangu, mchungaji alipouliza kama kuna mwenye pingamizi na watu wote wakanyamaza, Baba Karani alisahau alipo, akasimama na kuuliza, "Na nani anaunga mkono?" Mkwe wangu akainua mkono wake mwenyewe.

Tena alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko chakula: karani anahesabu kura, karani hapigi kura. Mara ngapi nimemwona amekalia mkono wa kuume ili usimponyoke!

Sasa niseme lile jambo kubwa. Jumuiya yetu ya zamani ina makanisa arobaini, na vikao vyake viko mbali, ng'ambo ya pili ya mto. Mvua ikinyesha, mjumbe wetu anafika watu wanaimba wimbo wa kufunga. Kwa hiyo tulitaka Jumuiya mpya, ya upande wetu. Katiba inataka makanisa saba, na sisi tuko saba kamili, hakuna la akiba. Baba Karani akaapa mbele ya kikao, na akaandika kiapo chake mwenyewe kwenye kumbukumbu: hastaafu mpaka Jumuiya isimame. Masikini, hakujua anafunga ndoa na nani. Mbatisti haamriwi. Si na askofu, maana hatuna. Si na mchungaji, maana tumemwajiri sisi wenyewe.

Miaka sita ikapotea kwenye swali la makao makuu. Kanisa la Oke-Irin lilisema yakae kwao kwa kuwa wao ndio wa kwanza kubatizwa. Kanisa la Idi-Osan likasema yakae kwao kwa kuwa jengo lao ni kubwa. Mashemasi walitupiana maneno ambayo sitayaandika katika kijitabu cha ibada.

Baba Karani hakubishana na mtu. Alisubiri kikao kiangukie Oke-Irin, mchana, wakati akina mama wako uani wanawatwangia wageni mia na themanini viazi vikuu. Madirisha yote yakiwa wazi, akasimama na kusoma kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia kwake: kwa desturi yetu kanisa mwenyeji ndilo linalopika, kwa hiyo kanisa litakalopata makao makuu litapokea vikao vyote, vinne kwa mwaka, siku tatu kila kimoja.

Uani michi ikanyamaza. Mama Ajoke, kiongozi wa umoja wa akina mama, akaingia na mchi begani.

"Makao makuu ya nani? Shemasi Ladipo, si wewe uliyekuwa unayalilia? Haya, shika mchi huu, nikuone!"

"Mama, tuko kikaoni..."

"Na mimi niko jikoni tangu alfajiri! Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyie siku ya tatu mnaomba mnofu mwingine!"

Shemasi Ladipo akakohoa, akawageukia wa Idi-Osan, akasema kwamba kwa unyenyekevu wote Oke-Irin imeona ndugu zao ndio wanaostahili. "Hasha!" wakaruka wa Idi-Osan. "Mkubwa ni mkubwa. Tutawatanguliaje?" Miaka sita waling'ang'aniana kiti, kwa dakika ishirini wakasukumiana. Ikapitishwa kwamba makao makuu yatazunguka ndani ya sanduku la karani, na zamu ya kutwanga vilevile.

Kisha kila kanisa lilipaswa kupiga kura nyumbani kwake. Sita yakakubali. La saba lilikuwa Ile-Titun, kanisa la Baba Karani mwenyewe. Likikataa, yote yanarudi mwanzo. Na Baba alikwisha kuahirisha kustaafu mara mbili, magoti yanalia, na mkewe, Mama Abeni, alikwisha kufunga vyombo tayari kuhamia nyumba aliyoijenga kijijini kwao.

Tena Mama Abeni ana desturi yake. Kwa miaka yote hii, hoja ya mumewe ikija Ile-Titun, yeye anapinga, watu wasije wakasema nyumba ya karani ndiyo inayoliendesha kanisa. Siku hiyo wazee waliwaka. "Tumetoka kwa Farao mmoja, tunatafuta wa pili?" Waliokubali, 31. Waliopinga, 31. Baba Karani akahesabu mara tatu, amekalia mkono. Mama Abeni peke yake hakuinua mkono wowote. Ulikuwa juu ya mkoba wake.

"Mama, hujapiga kura," akasema mwenyekiti.

Akasimama. "Nina swali. Ikipita, mzee huyu anarudi nyumbani?"

"Aliapa, Mama."

"Kwa mdomo au kwa maandishi?"

"Kwa maandishi. Kwa mkono wake."

"Basi ndiyo. Niandike ndiyo, kabla hajaanzisha kamati nyingine."

Kumbukumbu ya siku hiyo ninayo. Namba 32 ina doa kubwa la wino pembeni. Baba anasema kalamu ilivuja. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, na haikuwa kalamu.

Baba Karani, ahsante kwa kutuandika tulivyo. Ahsante kwa kutuvumilia. Mungu akupe magoti mapya na uzee mtamu, wewe na Mama, na kijijini msipate hata kikao kimoja.

Sasa natoa hoja kwamba Shemasi Gbadebo Oyelakin aende nyumbani. Mama Abeni amekwisha kuiunga mkono. Wanaokubali waseme Amina. Wanaopinga...

Baba, shusha mkono huo. Karani hapigi kura.