Macho ya Kiliani

Basi lilipopita Kitai, Rukia alimsikia mama wa kiti cha mbele akimwuliza binti mwenye kamera aliyeketi naye, "Mwanangu, huko chuoni mnafundishwa kusafisha picha?"

"Ndiyo kwanza tumeanza, mama."

Mama akampa simu. "Huyu ni mwanangu Kiliani. Alizama ziwani, kule Liuli. Picha nyingine sina."

Binti aliitazama sana. "Alitikisika wakati anapigwa picha, mama. Mwanga nitauongeza, lakini macho hayakuingia."

"Wewe yaweke tu."

"Yatakuwa ya mtu mwingine."

"Sasa umesoma nini?"

Rukia aligeukia dirishani. Basi likasimama Mbinga. Mama akachukua simu yake, akashuka bila kuaga, na binti, ambaye naye alikuwa anashukia hapo, akabaki ameketi, konda akimwita.