Madam Christine Aachwe Apumzike

Jumatatu tarehe 31 Agosti, Mwalimu Christine Osewe atatimiza miaka sitini na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Amefundisha Kemia na Fizikia kwa miaka thelathini na minne, ishirini na sita kati ya hiyo akiwa hapa kwetu Kianda. Kamati ya sherehe iliniomba niandike kitu cha kuchangamsha. Nitajitahidi, ingawa muhula wa tatu ndio huu umeanza, walimu tunachoka hata kabla ya chai ya saa nne, na tunayemuaga ametuzidi sote kwa uchovu. Kamati iliomba pia niweke wastani wa alama za KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, tangu alipofika. Ninao. Siuweki kwa sababu umesomwa paredini kila mwaka, na hakuna aliyemjua Christine kupitia huo wastani.

Alitujia kutoka shule ya bweni huko Siaya iliyokuwa na maabara mbili na mtu wa kuzitunza. Hapa alikuta chumba kimoja, nusu yake stoo ya madawati mabovu, na gesi hakuna. Wiki ya pili akaja na mtungi wa gesi wa jikoni kwake, Nyayo Highrise, ukiwa juu ya mkokoteni. Tangu siku hiyo mtungi huo umekuwa ukienda na kurudi. Shule imewahi kununua wake mara kadhaa, lakini kila mara uliishia kuchemsha chai ya walimu, na sisi tulioinywa tunajijua. Siku ya praktikali, yaani majaribio ya maabara, kwa kina Osewe hakupikwi. Mumewe, Bwana Ken, anayeuza mitumba Soko la Toi, aliwahi kuniambia kwamba yeye hahitaji ratiba ya shule. "Nikikuta mkate mezani," alisema, "najua watu wa Form Four wako na praktikali."

Darasani alikuwa na vita moja tu, nayo ni vita dhidi ya kupika majibu. Wasiofundisha sayansi pengine hawajui mchezo huu. Mwanafunzi anajua jibu linalotakiwa, kwa hiyo anabuni vipimo vya kulifikia, na grafu yake inanyooka kuliko rula. Mwaka mmoja kidato cha tatu walikuwa wakipima mwendo wa timazi inayoning'inia kwenye uzi. Treni ikapita kwenye reli iliyo nyuma ya shule, meza zikatikisika, uzi ukayumba ovyo. Daftari zilipokusanywa, darasa zima lilikuwa na vipimo visafi vinavyofanana. Christine akazirudisha zote na kuuliza swali moja: "Sasa treni imepita wapi kwenye hii kazi yenu?"

Aliyepona ni Victor Mutinda peke yake. Vipimo vyake vilikuwa vibaya kweli, na pembeni alikuwa ameandika kwamba meza ilitikiswa na treni. Alipata alama zote. Leo Victor ni fundi wa mashine za hospitali, na nadhani wagonjwa wana bahati.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo programu za sherehe huwa hazilisemi. Paa letu ni la mabati. Mvua ikinyesha, walimu wengi tunawaambia wanafunzi wajisomee, tunakaa chini tukishukuru. Christine hakukaa. Alishindana na mabati kwa miaka ishirini na sita, na mabati yameshinda. Mwaka juzi daktari alimwambia sauti yake imechakaa, na kwamba asipoipumzisha itakwenda na haitarudi. Wakati huo alikuwa akiimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lake, jambo alilolipenda kuliko yote isipokuwa familia yake. Ilibidi aache kimoja, akaacha kwaya, ili kile kidogo kilichobaki akitumie kwa kidato cha nne. Tangu hapo anakaa kwenye viti vya waumini na kitabu cha nyimbo mkononi, mdomo umefungwa. Nasali kanisa hilohilo, na kumwona hivyo kunaniumiza.

Kwa hiyo kustaafu kwake si kupumzika miguu tu. Anachokwenda kuokoa ni sauti. Tatizo ni kwamba mwalimu wa kuchukua nafasi yake hajaletwa, na mtihani wa praktikali ni Novemba. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Wepukhulu, alimwomba mbele yetu sote abaki hadi Desemba. Wazazi nao wakaomba. Sisi wengine tulitazama vikombe vyetu, maana kila mmoja alikuwa akipiga hesabu ya nani ataangukiwa na mzigo. Christine akajibu kwa ule mnong'ono wake, "Wacha nifikirie." Yeyote aliyekaa naye mwezi mmoja anajua maana ya maneno hayo. Hajawahi kuyasema kisha akakataa.

Alhamisi iliyopita mwenyekiti wa wazazi alimtuma kiranja wa kidato cha nne, Lavender Ndululu, aende na wenzake wawili wakambembeleze. Lavender anataka kuwa muuguzi, na Kemia yake ilitoka kwenye D hadi B mikononi mwa Christine. Hakuna mwenye cha kupoteza kumzidi. Walimkuta maabara akiosha bureti, ile mirija ya kioo ya kupimia kemikali. Nami nilikuwa humo nikitafuta iodini, ndiyo maana naweza kusimulia.

"Madam, tumetumwa tukushow ubaki," Lavender alisema. "Lakini sisi hatutaki ubaki. Hiyo sauti itaisha kabisa. Enda tu upumzike, sisi tutajipanga."

Christine akauliza, kwa shida, nani atawafanyisha praktikali. Binti akageuka akanielekezea kidole. "Si Mwalimu Muigai ako?"

Mimi hufundisha Baiolojia na Kilimo, tena Kilimo cha mtaa ambao sukuma wiki hupandwa guniani. Kemia niliisoma chuoni, nikaiacha hukohuko. Nilisimama pale na chupa ya iodini mkononi, watoto watatu wakinitazama. Nikasema sawa. Sitadanganya kwamba nililisema kwa furaha. Christine akaketi kwenye stuli, akalia kidogo bila kutoa sauti, kisha akanipa bureti aliyokuwa akiiosha, na ile nyingine, na zilizobaki kwenye karai. "Anza na hizi," akaninong'oneza.

Jioni hiyo alimwandikia mwalimu mkuu kwamba anaondoka siku yake. Naambiwa Bwana Wepukhulu alisoma, akavua miwani, akasema ni haki yake.

Mwalimu Christine, wenzako wote wa chumba cha walimu tunakushukuru. Ulitubeba, na mara nyingi hatukuuliza kama umelemewa. Tunakuombea siku tulivu pamoja na Bwana Ken, chakula cha moto kila siku ya juma, na nafasi yako kwenye safu ya sauti ya pili wakati daktari atakaporuhusu. Usijiharakishe. Jumanne tarehe mosi Septemba, kipindi cha kwanza, kidato cha nne ni wangu, na huenda nikakwama kabla ya kengele. Ukiona simu ya shule inaita, usishike. Ukiona ni mimi ninayepiga, hiyo ndiyo usishike kabisa.

Mwalimu Muigai, Baiolojia, Kilimo na, Mungu anisaidie, Kemia