Tanuri Limetoka Ukutani

Benchi letu liko mbele ya duka la kinyozi, na mguu wake mmoja umeinuliwa kwa tofali. Asubuhi ile tulikuwa wanne: Kinyozi, ambaye hakuwa na mteja, Fundi Saa, mwenye birika la kahawa, mimi msikilizaji, na Wakili, ambaye hakusomea sheria popote ila aliwahi kuitwa shahidi mahakamani, mara mbili. Habari ilikuwa moja tu. Mkataba wa jirani yetu Mama Mikate ulikuwa umefikia mwisho baada ya miaka sita. Mwenye nyumba alimwandikia atoke, ila tanuri lake la mikate libaki, eti kwa kuwa limejengewa ukutani. Wakafikishana mahakamani, nasi tulikuwa bado hatujasikia hukumu.

— Limekwenda hilo, alisema Wakili. Kitu kikishafungwa kwenye nyumba ya mtu, kimeolewa na nyumba. Hakuna talaka.

— Hata kama ulikinunua mwenyewe? aliuliza Fundi Saa.

— Hata kama ulikizaa.

Kinyozi akageuka kutazama dukani kwake.

— Vioo vyangu vina skrubu nane nane.

— Pole sana.

— Na kiti cha kunyolea? Kimechimbiwa sakafuni.

— Cha mwenye nyumba hicho.

— Na mteja aliyekikalia?

Wakili akapuliza kahawa yake, akafikiri.

— Akizidisha nusu saa, mhesabu na yeye.

Fundi Saa hakucheka.

— Jamani, yule mama kasomesha mabinti watatu kwa tanuri lile. Na mwenye nyumba keshampa mwoka mikate mwingine ahadi. Hii dhuluma.

— Mimi ningelala humo ndani ya tanuri, Kinyozi alisema. Waje wanitoe.

— Ukilala humo, bwana, na wewe ni sehemu ya jengo.

Hapo tukasikia magurudumu. Mkokoteni ulikuja polepole, msukumaji kainama, na juu yake, limefungwa kamba kila upande, tanuri! Bomba la moshi limelazwa ubavuni. Mbele yake alitembea Mama Mikate, kajifunga khanga kiunoni, bahasha mkononi. Sote tulisimama, hata Wakili.

— Mama, umeliiba? aliuliza Kinyozi.

— Niibe changu? Hukumu ilitoka jana jioni, wanangu. Nimeshinda!

Fundi Saa akammiminia kahawa kabla hajaombwa.

— Siku ya kutia sahihi mkataba, alisema Mama Mikate, nilikataa kushika kalamu. Nikamwambia mwenye nyumba, andika hapa pembeni: tanuri na bomba lake ni mali ya mpangaji, ataondoka navyo, mradi azibe ukuta. Akacheka sana. Akaniambia, mama, wewe kanda unga, sheria waachie wenyewe. Lakini akaandika, na sote tukatia sahihi pale pale pembeni.

— Na jana?

— Jana hakumbuki! Hakimu akamwonyesha karatasi, akamuuliza, sahihi hii ya nani? Akavaa miwani. Akavua. Akavaa tena. Akasema, inafanana na yangu.

Tulipiga kelele hadi watu wakatoka madukani. Mama Mikate naye alicheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

— Na usiku kucha nimeuziba ukuta, nimepaka rangi, asubuhi nimepiga picha. Asije akaniita tena.

— Ndivyo nilivyokuwa nasema, alisema Wakili. Maandishi ndiyo talaka yenyewe.

Tulimzomea hadi akakaa.

Msukuma mkokoteni alikuwa kajiegemeza kwenye tanuri, jasho likimtoka.

— Samahani, wakubwa. Huko tunakokwenda, mlango una upana gani?

Kinyozi akamtazama Fundi Saa. Fundi Saa akamtazama Wakili. Wakili akatazama ndani ya kikombe.

Mama Mikate alimaliza kahawa taratibu. Akafungua bahasha, akatoa mkataba wa duka jipya, akaweka kidole pembeni ya ukurasa, palipoandikwa kwa mkono.

— "Mpangaji anaruhusiwa kubomoa na kupanua mlango wa nyuma kabla ya kuhamia," alisoma kwa sauti. Sahihi mbili. Haya, nani ana nyundo?

Kinyozi alifunga duka. Wakili ndiye aliyetangulia kushika mkokoteni.