X Nyekundu ya Jyoti House

Benchi letu limeegemea ukuta wa Jyoti House, jengo kuukuu la orofa nne mjini Kisii, linalotazamana na duka la Haresh la saruji na misumari. Mwisho wa benchi ndipo Nyamoita anapouzia chai, chini ya mabati matatu ambayo hakuna anayekumbuka yalipigiliwa lini. Wakaaji wa kudumu ni watatu: Injinia, aliyewahi kumshikia mkandarasi futikamba kwa miezi miwili, Diwani, aliyegombea mara tatu akabaki na jina, na mimi, ninayewaandikia barua watu wanaoogopa ofisi. Juu ya vichwa vyetu, tangu Machi, kuna X nyekundu kubwa kama mlango. Jumatano hii, X hiyo ndiyo iliyomsimamisha Mwalimu Damaris kutoka Mosocho.

Alikuwa ametoka kuikagua nyumba ya chini kwa mara ya pili. Kila bomba alilifungua, choo alikivuta mara mbili, kuta alizigonga chumba kwa chumba akitafuta palipovimba, na kila soketi aliichomekea chaja ya simu.

— Dirisha moja tu halifungi vizuri, alisema. Lakini hii X inanitisha. Mama yangu anasafishwa damu hapo hospitali mara mbili kwa wiki. Ngazi hawezi. Nyumba ya chini karibu hivi nimeitafuta miezi miwili, na Fred anayesimamia jengo anataka jibu kabla ya saa sita.

— Mwalimu, hiyo X ni ya kubomoa, Injinia alisema. Nilikuwa nimekaa hapa ikipakwa. Ona.

Akageuza bega. Koti lake la kaki lina tone jekundu ambalo mkewe ameshindwa kulitoa.

— Wabomoe kwa nini?

— Chini kuna chemchemi. Ukilala sakafuni utasikia maji.

— Nimelala sakafuni. Nimesikia redio ya jirani.

— Si chemchemi, Diwani akaingilia. Hili jengo linatembea. Kila masika, upana wa ukucha, kuelekea Nyamira. Siku likivuka mpaka, kodi yake ni ya kaunti nyingine. Ndiyo maana wameweka X.

— Rangi italizuia?

— Ni onyo, mwalimu. Serikali huanza na onyo.

Injinia alifikiri kidogo, akaona njia ya kuwapatanisha.

— Linatembea kwa sababu ya chemchemi. Kwa hakika haliko chini. Linaelea.

Haresh alikuwa amevuka barabara kuchukua chai yake.

— Hii nyumba alijenga babu yangu, alisema. Jyoti ni jina la nyanya yangu. Msingi uko juu ya mwamba, mimi nimeona picha.

— Na mbona mliuza? Diwani aliuliza.

— Wapangaji walikuwa wanaongea kama nyinyi.

Damaris hakucheka. Aliangalia simu. Saa tano na nusu.

— Wazee wangu, mimi nauliza kitu kimoja. Mama atalala humu salama? Maana tukikosa hapa, ni kumtoa kwake Birongo alfajiri, na juzi alizimia njiani.

Hapo hata Diwani aliangalia ndani ya kikombe.

Ndipo akafika mtu mwenye faili kwapani na viatu vilivyopigwa rangi kwa bidii.

— Bwakire, alitusalimu kwa Ekegusii. Mimi ni Machogu, wa ofisi ya majengo. Nimefuata ile X.

Injinia aliketi wima, kama shahidi aliyeitwa.

— Mnabomoa lini? Damaris aliuliza.

— Kubomoa jengo? Machogu akafungua faili. Jengo lilikaguliwa Januari, nguzo kwa nguzo. Halina shida. Hapa nimeandikiwa hivi: "Kibanda cha mabati na benchi moja la mbao, vimeziba njia ya waenda kwa miguu."

Tukakitazama kibanda. Tukalitazama benchi, sehemu zile zilizoonekana katikati yetu.

— Sasa mbona X iko ukutani? niliuliza.

— Aliyepaka rangi ameeleza. "Niliwaomba waliokaa wasimame nipake benchi. Hawakusimama. Nikapaka karibu."

— Nilidhani anatafuta kiti, Diwani alisema.

— Mlifunika vikombe tu, Nyamoita alisema. Niliwaona.

Damaris aliomba ile ripoti ya Januari. Aliisoma mara mbili, tarehe, muhuri, hata jina la aliyepiga picha. Kisha akashusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo, akaingia ndani kumtafuta Fred. Kupitia lile dirisha lisilofungika tulimsikia akimwambia mama yake kwenye simu, kwa Ekegusii, kwamba hakuna ngazi, hata moja.

Machogu alitoa kalamu.

— Ilani hii lazima ipokelewe na mwenye mali. Benchi hili ni la nani?

Diwani alimtazama Injinia. Injinia akanitazama mimi. Nimekaa hapo miaka kumi na moja na swali hilo halijawahi kunijia.

— Babu alijenga nyumba, Haresh alisema. Benchi tulikuta.

— Yangu ni chai, Nyamoita alisema. Hata mabati nilikuta.

— Basi niandike nini?

Damaris alitoka na ufunguo mkononi.

— Tunahamia Jumamosi. Hapa jua linafika saa ngapi? Mama hupenda kuliota asubuhi.

— Saa mbili, tulijibu sote. Ndilo jambo la kwanza tulilokubaliana mwaka huu.

Machogu alibaki na kalamu hewani. Nyamoita aliinamisha chupa ya chai, ikatoa nusu kikombe cha mwisho, akampa. Injinia akasogea. Diwani akasogea. Machogu akaketi, faili mapajani, kumngoja mwenye benchi.