Kipande Kilichokwama Kwenye Mashine ya Kusaga

Jamani, habari za tangu asubuhi. Wazee wangu, shikamooni. Mwenyekiti wa mkutano huu kaniambia niwe mfupi. Nitajaribu, ingawa jambo lenyewe lilinikalia shingoni karibu msimu mzima wa mavuno.

Mimi ni fundi wa vyuma, karakana yangu iko upande wa Matogoro. Nachomelea, nakereza, natengeneza mashine za kusaga na kukoboa. Watu wananiita Mama Fundi, nanyi niiteni hivyo hivyo. Hao wengine nitakaosimulia habari zao sitawataja majina. Baadhi yao wamo humu ukumbini. Atakayejijua, ajijue.

Kikundi chetu kina mashine ya kusaga mahindi. Kabla yangu ilikuwa na fundi mwingine, shemeji wa mjumbe mmoja wa kamati, na mjumbe huyo ndiye aliyemleta. Fundi huyo alipohama mkoa, wakaniita mimi kwa kuwa ni mwanakikundi. Mashine ilikuwa inatetemeka hadi vumbi linadondoka kwenye bati. Nikaizima, nikaanza kuifungua.

Kifuniko cha beringi kinashikwa na bolti nne. Tatu zilitoka kwa spana, kwa taabu. Ya nne ikatoka kwa vidole. Bolti ile ilikuwa imekatwa, imebaki kichwa na kijipande kifupi, kimegandishwa kwa gundi ili kionekane kimefungwa. Nikamulika tundu kwa tochi ya simu. Ndani mlikuwa na tapu iliyovunjika.

Kwa msioijua, tapu ni chuma kinachofanana na bolti, ila ubavuni kina mifereji. Tunakizungusha ndani ya tundu ili kichonge zile nyuzi za kupokea bolti. Ni kigumu, biti ya kawaida ya kutobolea haikiingii. Halafu ni chepesi kukatika kama chaki. Kikikukatikia tunduni, chakula cha siku hiyo hakishuki.

Nilikikwaruza kidogo juu kwa sindano ya chuma nione kama kinacheza. Hakikucheza. Nikaweka ile bolti fupi kwenye kopo pamoja na zile tatu, nikatoka kumwita mwenyekiti wa kikundi ili aone kwa macho yake.

Tuliporudi, mjumbe yule niliyemsema alikuwa ameshafika, amesimama karibu na mashine, mikono mfukoni. Nikachukua kopo. Lina bolti tatu.

"Iko wapi hiyo ya gundi?" mwenyekiti akauliza.

"Niliiweka humu sasa hivi."

"Humu wapi, Mama Fundi? Mbona sioni?"

Mjumbe akainama, akachungulia tundu. "Kinang'aa hiki," akasema kwa upole, kama mtu anayenionea huruma. "Kimekatika leo. Mama, si useme tu kimekukatikia? Sisi ni ndugu."

Kiling'aa kwa sababu nilikikwaruza mimi mwenyewe. Nikaeleza. Nikaleta sanduku langu, nikawaonyesha tapu zangu zote, nzima. Akasema, "Dukani ziko nyingi, mtu akivunja ananunua nyingine." Mwenyekiti akalichungulia tena lile kopo. Hapo ndipo nilipoumia, maana nilijua ameshaanza kuwaza.

Basi maneno yakatoka. Mara nimevunja kwa uzembe. Mara si uzembe, nimetumwa na mwenye mashine ya jirani ili wateja wahamie kwake. Na kweli walihamia. Kila asubuhi kinamama walipita mbele ya karakana yangu na ndoo za mahindi kichwani wakielekea kule, na wale waliozoea kunisalimia "dada, umeamkaje" wakawa wanatazama njia. Mteja mmoja alileta geti nilichomelee, akarudi kulichukua kabla sijaligusa. Akasema ameahirisha. Nililiona geti lile likichomelewa kwa fundi mwingine mtaa wa pili.

Na mimi nikaanza kushuku kila mtu. Nikiona wawili wanaongea, ni mimi. Simu ikiita halafu ikakata, nawaza nani ananipima. Nilibadilisha kufuli ya karakana. Nilianza kuhesabu spana zangu kila ninapofunga. Jioni moja mume wangu akaweka sahani chini, akaniuliza, "Mama, niambie ukweli. Hukupokea kitu kwa yule jamaa wa mashine ya jirani?"

Nilifunga nguo zangu nikapanda basi kwenda Namtumbo kwa kaka yangu, nikawa nasaidia kufunga tumbaku. Nilimwambia kaka nimekuja kupumzika. Moyoni nilikuwa nimeshaamua kuuza mashine yangu ya kuchomelea.

Nikiwa huko, jirani yetu mmoja akanipigia. Huyu mama si mwenyeji wa hapa, alikuja na biashara ya vitenge kutoka pwani, akajiunga na kikundi. Akaniambia, "Kesho wanaleta mtu wa kukipasua hicho chuma kwa tindo na nyundo."

"Nani kasema?"

Akamtaja mjumbe yule yule.

Ndugu zangu, hapo ndipo akili yangu ilipoamka. Mwili wa ile mashine ni chuma cha kusubu, yaani cha kuyeyushwa na kumiminwa, ukikigonga vibaya kinapasuka kama chungu. Lakini zaidi ya hilo, nikajiuliza: kwa nini anataka kivunjwevunjwe? Kipande kile ndicho shahidi pekee aliyebaki. Kikigeuka vumbi, mimi nimekwisha.

Nikamwomba, "Dada yangu, wazuie mpaka nifike. Wewe unaniamini, sivyo?"

Akanijibu, "Wallahi sitakudanganya. Sisemi nakuamini, na sisemi umevunja. Nasema sijaona. Njoo ufungue tuone."

Mtanisamehe, lakini neno hilo lilinipa nguvu kuliko kama angesema ananiamini. Asubuhi nilipanda basi la kwanza. Nilipofika nilimkuta amekalia kiti cha plastiki mlangoni kwa mashine, khanga begani, na yule mwenye tindo amesimama nje anacheza na simu. "Ameambiwa asubiri," akaniambia. "Anasubiri."

Nikasema mbele ya mwenyekiti, "Nitakitoa kizima. Lakini nataka wanakikundi waje, wakae karibu. Mikono yangu iwe wazi."

Wakaja, wengine kwa hamu ya kuniona naumbuka. Hata mume wangu alikuja, akasimama nyuma. Nilichukua spoki za pikipiki, nikazikata, nikazisaga kwa jiwe la mashine mpaka zikaingia kwenye mifereji ya kile kipande, kama vidole vinavyoshika kizibo. Juu nikazibana kwa kipande cha bomba ili zisitanuke. Nikamwagia dizeli na mafuta ya breki, nikapasha moto kuzunguka tundu taratibu. Kisha nikashika kwa spana, nikasukuma kidogo mbele, kidogo nyuma. Hakitaki. Spoki moja ikapinda. Nikaitoa, nikatengeneza nyingine.

"Si nilisema?" mjumbe akasema. "Tunapoteza muda. Apewe tindo."

"Muda ni wetu," yule mama akajibu bila kugeuka. "Endelea, dada."

Mbele kidogo, nyuma kidogo. Jasho linaingia machoni, naogopa kulifuta nisije nikaambiwa nimebadilisha kitu. Halafu nikasikia mlio mdogo, kama kifundo cha kidole kinachoalika, na spana ikazunguka yenyewe. Kikaanza kupanda. Kilipotokeza sikukigusa. Nikamwambia mwenyekiti, "Chukua wewe."

Akakiweka kiganjani. Mifereji yake ilikuwa imejaa kitu cheusi, kigumu. Akakichokonoa kwa ukucha, akanusa, akampa bibi mmoja aliyekaa mbele. Bibi naye akanusa.

"Unga huu," akasema. "Unga uliochacha. Na hapa mna kutu."

Mashine ile haikusaga hata debe moja tangu siku niliyoifungua. Unga ungeingiaje na kugandamana hivyo, kama si kwamba kipande kilikaa humo miezi mashine ikisaga? Sikuhitaji kueleza. Walikuwa wanapasiana kile kipande mkono kwa mkono, kila mmoja anakwangua kidogo, na kila aliyekwangua aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nirudi.

Mjumbe alitoka nje kupokea simu. Sikuisikia ikiita.

Nilichonga nyuzi upya, nikafunga bolti, na kabla jua halijazama mashine ilikuwa inasaga. Mume wangu alibeba sanduku langu mpaka nyumbani. Njiani aliniambia, "Nilikosea kukuuliza vile." Nikamwambia, "Kuuliza hukukosea. Ulikosea kuniangalia kama umeshajibiwa." Tulicheka, baadaye sana.

Ile bolti fupi haijapatikana mpaka leo. Nani aliichukua? Ninaye ninayemdhania, na najua ninyi mnamdhania huyo huyo. Lakini mimi sikumwona akiichukua, kwa hiyo jina lake halitatoka kinywani mwangu. Nimeonja kutajwa na watu ambao hawakuona. Siwezi kumlisha mwingine, hata kama anastahili.

Namshukuru Mungu. Namshukuru kaka yangu aliyenipokea bila maswali, na mwenyekiti wetu aliyesimama mbele ya kikundi chote akaomba radhi kwa sauti. Namshukuru zaidi mama yule wa kiti cha plastiki.

Ninachowaachia ni hiki. Kwenye vikundi vyetu kushuku kutakuwepo, tusidanganyane. Ukimshuku mwenzako, usiende kunong'ona kisimani. Mwite, mwambie afungue kitu chenyewe mbele yenu, nanyi vuteni viti mkae mtazame mpaka amalize. Asanteni kwa kunisikiliza.